Vifurushi Visivyohitajika Tena

4 Mei

Shikamoo kaka,

Huku nyumbani hatujambo. Uliniambia mtandao wa kambini kwenu hufunguliwa jioni tu, tena kwa barua tupu, bila simu wala picha. Mimi nimefurahi kimoyomoyo, maana kwa barua huwezi kunikatiza.

Nashona sare za shule usiku na mchana. Vitambaa vimepanda mpaka kitandani, nalala pembeni kama mgeni. Baba yuko vizuri, amenenepa. Asubuhi anakaa kibarazani na kibao chake cha kuandikia, anabishana mpira na fundi viatu. Maskini fundi viatu husoma polepole, kwa hiyo kabla hajamaliza hoja ya kwanza baba keshaandika ya tatu, na ubishi umekwisha.

Jana nilikumbuka ile wiki kabla ya upasuaji wa koo, ulivyomfungia baba chumbani na kipaza sauti ukamsomesha maneno mpaka akatishia kukunyima urithi. Mimi nilikuona umerukwa na akili. Leo hii anaandika kwenye kompyuta, nayo inasoma kwa sauti yake mwenyewe, na kila Jumapili bibi anamsikia mwanawe kwenye simu. Bibi haoni, lakini masikio yake usiyachezee, na bado hajashtuka. Hajui hata kama baba aliwahi kulazwa.

Halafu, kwa kuuliza tu: hiyo Linux yako uliyoiweka kuendesha kompyuta ikimuuliza mtu kama ifute vitu visivyohitajika tena, anajibu ndiyo au hapana? Namuulizia mteja wangu mmoja, ana kompyuta kama yetu.

Baba ana mafua kidogo, kwa hiyo Jumapili hii hakupiga simu kwa bibi. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Sindano

6 Mei

Marahaba Bi Sindano,

Huyo mteja wako ana bahati, maana ameuliza swali ninalolipenda.

Kwenye Linux programu huja kwa vifurushi, na hakuna kifurushi kinachosimama peke yake. Hiki kinaegemea kile, na kile kinaegemea kingine. Watu wengi humwachia msimamizi, yaani programu inayopanga vifurushi, afanye yote mwenyewe. Unamwomba kimoja, anakuletea kumi ambavyo hicho kimoja kinavihitaji. Baadaye akiona kimojawapo hakiegemewi na chochote anachokijua, anakuuliza akitupe. Watu hujibu ndiyo huku wanapiga miayo.

Sisi wengine tunafanya kwa mkono. Sauti ya baba niliijenga mwenyewe kipande kwa kipande, na kila kinachoegemea kingine nakijua kama ninavyokijua kitanda changu. Sikumwandikisha msimamizi kitu. Hajui hata kama hiyo programu ipo duniani. Nyie mnasema ni ukaidi, mimi nasema ndiyo ufundi.

Mwambie mteja wako kama hana kitu kilichowekwa kwa mkono ajibu ndiyo. Kama anacho, ajibu hapana, na amtafute aliyekiweka. Ninyi hapo nyumbani msiguse chochote.

Vile vitufe vya majibu ya haraka vinamsaidia baba? Nilimwekea “Naam, mama”, “Nakusikia, mama” na “Usijali, mama, yamekwisha”, ili asichoke kuandika bibi anapoanza hadithi zake ndefu.

Na haya mafua ni ya nini? Mtu anapumulia tundu la shingoni halafu unaniandikia “mafua kidogo”! Mpeleke hospitali kesho.

Kaka yako

15 Mei

Shikamoo kaka,

Mafua yamekwisha, wala usihangaike. Daktari amesema mapafu safi kabisa.

Yule mteja wangu alishajibu ndiyo kabla barua yako haijafika. Sasa kuna programu yake moja imekufa ganzi, inafunguka lakini haitoi kitu. Ameipeleka kwa fundi simu wa hapo kona, naye akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Mteja alikimbia na kompyuta yake kwapani. Je, kitu kikishatupwa na msimamizi kinaweza kurudi? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua, maana mteja huyu kichwa chake kigumu.

Na mimi nikuulize, usikasirike. Kwa nini kitu kinachotegemewa na watu ukijenge kwa njia ambayo hata kompyuta yenyewe haijui kipo? Ungemwandikisha huyo msimamizi ungepungukiwa nini? Naongea kwa niaba ya mteja.

Bibi anapiga simu karibu kila siku. Nimemwambia kwamba baba amesafiri kikazi mahali ambapo simu hazishiki. Akaniuliza, “Kikazi? Si amestaafu huyu?” Nikasema wamemwita kwa muda. Akasema, “Haya.”

Sindano

24 Mei

Sindano,

Shangazi ameniandikia kutoka kwa bibi. Anasema tangu juma lililopita bibi hataki kushika simu. Anakaa kitandani ameelekea ukutani. Anakunywa uji kidogo tu, na shangazi akimbembeleza anasema, “Mwanangu amekufa na mnanificha kwa sababu ya macho yangu. Mmeniona mjinga.” Shangazi naye hajui amjibu nini, kwa sababu wewe umemwambia kwamba baba amesafiri kikazi, umemwambia ana mafua, na umemwambia simu imeanguka majini.

Mimi nilikwenda kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani nikiwa sijui narudi kuuguza au kuzika. Mkuu wa kambi amekataa mpaka mwisho wa zamu. Nimesimama mbele ya meza ya mtu nikilia, nina mvi kichwani.

Baba yuko hai? Niandikie neno hilo kwanza, mengine baadaye.

Na hakuna mteja, sivyo?

Kaka yako

25 Mei

Kaka,

Baba yuko hai. Yuko kibarazani sasa hivi, nasikia fundi viatu anacheka. Nisamehe, sikujua ungefikiri hivyo.

Hakuna mteja. Ni mimi.

Kompyuta ilikuwa imejaa picha zangu za mitindo, ikawa inakwama. Nikaiambia ijisasishe, na mwishoni ikaniambia kuna vifurushi vilivyowekwa kiotomatiki ambavyo havihitajiki tena, nivifute? Nilisoma, kaka, sikupiga miayo. Nilisoma nikaona kama ni kufagia chumba. Nikajibu ndiyo. Nafasi ikapatikana, nikafurahi, nikaenda kupiga pasi.

Jumapili baba akakaa, akaandika “Shikamoo mama”, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akanigeukia bila hasira, kama mtoto anayengoja mkubwa amtengenezee kitu. Mimi nikasema, “Spika imekufa, baba, nitaagiza nyingine.” Tangu siku hiyo kila Jumapili ananiandikia kwenye kibao, “Spika imefika?” Nami namwambia bado. Hajui kwamba bibi alikuwa anapiga simu kila siku. Nimemficha na yeye.

Ningekwambia, lakini uliandika “msiguse chochote” nikiwa nimeshagusa. Niliona aibu. Wewe ulitumia wiki nzima kuiokoa sauti yake, mimi nimeizima kwa herufi moja. Kila siku nilijiambia kesho nitajua la kufanya. Sili vizuri, na sare za watoto nazishona mbele nyuma.

Nitukane tu, nitanyamaza.

Sindano

26 Mei

Mdogo wangu,

Sikutukani.

Rekodi za baba hazijaguswa, ziko palepale. Kilichotupwa ni kifurushi kimoja kidogo kinachogeuza maandishi kuwa mlio. Programu yangu ilikuwa inakiegemea, lakini msimamizi hakujua, akakiona kama mtu aliyekaa ukumbini bila mwaliko. Alifanya kazi yake sawasawa, na wewe pia.

Chini ya barua hii kuna mistari miwili. Unganisha kompyuta na mtandao, fungua ile skrini nyeusi, andika mstari wa kwanza kama ulivyo, kifurushi kitarudi. Wa pili unamwambia msimamizi kwamba hiki kimewekwa kwa mkono, asikiguse tena hata akiona hakina mwenyewe. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Ungeniambia siku ya kwanza bibi asingegeukia ukutani. Nilitaka kuifuta sentensi hiyo. Nimeiacha kwa sababu ni kweli, lakini nisikilize na mimi.

Uliuliza ningepungukiwa nini kama ningemwandikisha msimamizi. Sauti ile ningeweza kuifanya kifurushi kamili, chenye kueleza chenyewe kinaegemea nini. Ni kazi ya mchana mmoja. Basi msimamizi angekilinda, kompyuta ikiharibika mngekiweka kwenye nyingine, na hata fundi simu wa kona angeweza. Nilikaa kuianza mara nyingi nikaiacha. Niliwaambia watu kwa mkono ndiyo ufundi. Ukweli ni kwamba niko mbali, wewe ndiye unayemsafisha baba lile tundu kila asubuhi, na mimi nilikuwa na kitu hicho kimoja tu cha kumfanyia. Nilitaka mkikwama mnitafute mimi. Nilijifanya wa lazima, na aliyelipia ni bibi.

Fanya leo.

Kaka yako

30 Mei

Shikamoo kaka,

Imerudi! Niliandika mistari yako herufi kwa herufi kama natia uzi kwenye sindano gizani. Baba akaandika, “Spika imefika,” na sauti yake ikayasema maneno hayo chumba kizima, nikakaa chini nikalia. Nikamwambia ukweli wote kuhusu kompyuta, na kuhusu bibi. Akaandika, “Piga simu.”

Shangazi alimwekea bibi simu sikioni kwa nguvu. Baba akaandika, sauti ikasema, “Shikamoo mama. Ni mimi, niko salama.” Bibi hakuitikia. Halafu akasema, “Cheka.”

Baba akanitazama. Bibi akarudia, “Kama ni wewe, cheka. Tangu ukiwa mdogo sijawahi kukuambia cheka ukashindwa. Na huu sasa ni mwaka wa pili hujacheka kwenye simu, nilidhani ni huzuni ya kufiwa na mkeo.”

Kaka, baba akaandika ha ha ha. Na ile mashine yako ikasoma, “Ha. Ha. Ha.” Kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma silabi ubaoni.

Bibi akasema taratibu, bila kupiga kelele, “Mmemrekodi mwanangu, mkamzika bila mimi. Mungu anawaona.” Akamrudishia shangazi simu. Baba alijaribu kuita kwa koo lake lenyewe, ukatoka upepo tu. Sijawahi kumwona akijaribu tangu atoke hospitali.

Sindano

31 Mei

Mdogo wangu,

Mpeleke. Funga cherehani, panda naye basi, msipige simu kwanza. Sauti haitamsaidia tena, hata ningeijenga upya mara mia. Amguse mwenyewe.

Baba hakutaka kumficha. Mimi ndiye niliyesema bibi asiambiwe, kwamba mshtuko utamuua. Naona sasa niliogopa kilio chake kuliko kifo chake.

Mkifika mwambie yote. Usibakize hata moja, maana tumeona kinachotokea ukibakiza. Na kama kuna jingine ambalo mimi silijui, liseme huko huko.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Tumerudi jana. Nakuandikia kabla sijafungua hata mlango wa chumba cha kushonea, nikichelewa sitaandika.

Tulimkuta bibi ameelekea ukutani kama shangazi alivyosema. Baba aliingia, akakaa kitandani, akauchukua mkono wake akauweka usoni kwake. Bibi alipapasa paji la uso, nyusi, lile kovu la kidevuni alilolipata utotoni alipoanguka kutoka mgongoni kwake. Akashuka mpaka shingoni, kidole kikafika kwenye tundu, pumzi ikampiga. Akakirudisha kidole haraka kama aliyegusa jiko. Halafu akakirejesha, akakiacha hapo.

“Hili ni nini?”

Nikamwambia. Ugonjwa, upasuaji, wiki ile ya kurekodi, kompyuta, kifurushi nilichokifuta, uongo wangu wa safari. Alilia, lakini hakufa, kaka. Alimkumbatia baba kichwa akawa anampiga mgongoni polepole, anasema, “Umeteseka peke yako, mwanangu, na mimi nakusimulia habari za kuku.” Shangazi akaleta uji, bibi akaunywa wote. Nikadhani tumevuka.

Tulipokuwa tunapumzika akaniuliza, “Kwa hiyo yeye anaandika, mashine inasema?”

Nikasema ndiyo, bibi.

“Kila neno ni lake?”

Nikasema ndiyo.

Akamgeukia baba. “Basi siku ile nilipokuomba msamaha kwa kutokuja kumzika mke wako. Nilipokwambia nilikuwa na kiburi, kwamba tangu mwanzo sikumtaka na nikaona haya kuja kusimama kaburini kwake. Ukaniambia, ‘Usijali, mama, yamekwisha.’ Nilishukuru Mungu siku ile, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala miaka. Hayo nayo yalikuwa yako?”

Kaka, uliandika kama kuna jingine niliseme huko huko. Sikulisema.

Bibi alipiga simu siku ya kazi, mchana, baba amelala baada ya dawa. Sikutaka kumwamsha. Nilikuwa nimeshazoea, mara nyingi baba akichoka mimi ndiye niliyebonyeza “Naam, mama” na “Nakusikia, mama” huku nakunja mapindo. Siku hiyo bibi akaanza habari za mama yetu. Nikaacha kushona. Alikuwa analia. Nilifikiri, huyu aliyekufa alikuwa mama yangu na mimi, nami nimechoka kukibeba kinyongo hiki. Nikabonyeza kile kitufe chako cha tatu. Baba alipoamka nikamwambia, “Bibi anakusalimu.”

Baba hakuwa amewahi kusikia habari hiyo mpaka bibi alipoisema pale. Nilimwona inavyomwingia. Alinitazama mara moja tu, akajua. Kibao chake kilikuwa mapajani, kalamu mkononi, angeweza kuandika lolote na shangazi angelisoma kwa sauti. Akaiweka kalamu chini. Akaushika mkono wa bibi kwa mikono yake yote miwili, akauweka shavuni, akaitikia kwa kichwa ili ausikie mwendo. Ndiyo. Yalikuwa yangu. Bibi akafunga macho, akasema, “Ahsante, baba.”

Njiani kurudi hakuniandikia neno. Nilimnunulia maji, akayapokea. Jana tulipofika hapa alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akakaa, akaandika kwa muda mrefu, akifuta na kuanza upya. Nilisimama mlangoni na mfuko wa safari begani. Kisha akabonyeza, mgongo wake ukiwa umenielekea.

Ikasema, “Mimi nilikuwa bado sijamsamehe. Nilingoja miaka yote aniombe. Aliponiomba, ukasikia wewe.”

Sauti ilitoka safi, kaka. Haikukwama hata neno moja.

Sindano